Huyu Mtoto Tumwite Nani?

Mvua ya Shinyalu ikishaanza kunyesha mchana, hakuna anayeaga. Jumapili ile wageni wa saa sita wakageuka wageni wa saa kumi na moja. Kuku alikuwa ameliwa mpaka mifupa ya shingo, chai ilikuwa imemiminwa mara ya tatu, mabati yalikuwa yakipigwa kama ngoma juu ya vichwa vyetu, na kwenye kochi kubwa alilala mtoto wa kike wa wiki saba ambaye hakuwa na jina. Karatasi ya hospitali ilimtaja kuwa mtoto wa mama fulani, basi. Mstari wa jina ulikuwa mtupu.

Mimi ni khotsa wake, mjomba, ndugu wa mama yake. Kwetu Waluhya khotsa ana fungu lake siku mahari ya binti ikija, ana kiti chake na ana paja lake la kuku. Kura ya jina hana. Jina ni la ukoo wa baba. Kwa hiyo nilikwenda kula na kusikiliza, na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika, nimeandika. Wasemaji nimewaacha bila majina. Inachekesha kidogo katika mjadala wa majina, lakini ndivyo walivyoomba.

Chanzo cha maneno ni dada yangu. Yeye ni muuguzi, mmoja wa wale waliokwenda kufanya kazi Uingereza baada ya Kenya na nchi hiyo kutia saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021. Wenzake wengi walipangiwa kwingine. Yeye alikaa miaka miwili Truro, mji wa Cornwall, ile ncha ya kusini-magharibi inayojichomeka baharini. Amerudi na koti zito lisilo na kazi Kakamega, na jina.

MAMA MTOTO: Lowenna. Si Kiingereza, msianze. Cornwall wana lugha yao, ndugu yake ni ya Wales na ile ya Bretagne kule Ufaransa. Kwa lugha hiyo *lowen* ni furaha. Krismasi ikifika unaona imeandikwa kwenye kadi: *Nadelik Lowen*. Huyu nimemngoja miaka sita. Yeye ni furaha yangu. Na sijasikia mtoto mwingine Kenya nzima anayeitwa hivyo.

SENJE (shangazi wa mtoto, dada wa baba yake): Hapo mwisho, wifi, ndipo uliponitisha. Jina ambalo hakuna aliyewahi kuitwa! Hiyo ni nyumba isiyowahi kulalwa na mtu. Unamwingiza mtoto mchanga peke yake alale humo?

KUKHU (kutoka mlango wa jikoni): Lowana? Mtoto mmemwita Lowana? Amelowa na nini?

Tulicheka mpaka mtoto akashtuka. Kukhu ni mama yangu, na kwa adabu za ukwe hakai sebuleni uso kwa uso na mume wa binti yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, mgongo nusu, na maneno yake yote aliyapitisha kwa wengine. Mkwewe alicheka akitazama dirishani, kama inavyompasa.

KUKHU: Mwambieni mwenye nyumba kwamba kwetu Lugari hatupotezi Jumapili nzima kwa neno hili. Sisi Wabukusu tunatazama nje. Mvua inanyesha? Nafula. Mavuno? Nekesa. Jua kali? Nasimiyu. Njaa? Nanjala. Amezaliwa mama yake akiwa njiani? Nangila. Huyu alizaliwa Aprili, mvua haikukatika siku tatu. Mnabishania nini?

SENJE: Mama, tunakuheshimu, lakini hapa ni Isukha. Na mwenye jina yupo. Amelala pale chini ya miparachichi, mwaka wa tatu sasa. Muhonja.

Muhonja ndilo jina la marehemu mama yake baba mtoto, yaani mama yake Senje pia. Lilipotajwa katika sebule ile, sauti zilishuka kidogo. Mzee mwenyewe, mjane wake, alikuwa kwenye kiti cha kona akisikiliza redio ndogo iliyozimwa. Sijawahi kuona mtu mwingine anayeweza kusikiliza redio iliyozimwa.

BABA MTOTO: Mimi nataka amani. Kama ni lazima jina la kizungu liwepo, si mama alikuwa na la ubatizo? Jenifa. Jenifa Muhonja. Tunamaliza, tunakula tena.

MAMA MTOTO: Baba, kwa heshima zote kwa marehemu. Darasani kwangu tulikuwa na Jenifa wanne. Wodini Kakamega nimewapokea Jenifa hata sikumbuki idadi. Nataka mwanangu akiitwa kwa jina, ageuke yeye peke yake.

BABA MTOTO: Na akiandikwa? Mimi nauza misumari na rangi, najua kuandika risiti. Karani ataandika Rowena. Shule itaandika Lowena. Benki itaweka n tatu ili kuwa salama. Akifika miaka kumi na minane anaanza maisha kwa kula kiapo mbele ya wakili kwamba Rowena na Lowena na Lowenna ni mtu mmoja. Unajua kiapo kinagharimu pesa ngapi?

Hiyo ni hoja ya dukani, lakini si ndogo. Kila Mkenya anamjua mtu ambaye herufi moja ilimzuia kuchukua pasipoti au pesa za mirathi.

Jirani yao, mwalimu mstaafu wa fasihi ya Kiingereza, alikuwa amekaa kimya akichokoa meno kwa adabu. Yeye ni wa kanisa la Friends, lile lililofika Kaimosi mwaka 1902 na Wamarekani. Watu wa Friends hawabatizi kwa maji, na yeye hupenda kukumbusha hilo.

MWALIMU: Mnazungumza kama vile huyu binti ndiye wa kwanza kuleta Mkelti nyumbani. Wakelti wamejaa hapa. Ninyi hamjui tu kwamba ndio. Nani hana Gladys katika ukoo? Gavana wa Homa Bay ni Gladys. Hilo ni jina la Wales, Gwladus. Winifred, ambaye mnamwita Winnie, ni mtakatifu wa Wales. Bridget ni wa Ireland. Mwakilishi wetu wa wanawake hapa Kakamega ni Elsie, na Elsie ni Elizabeth aliyepita Uskoti. Wavulana ndio usiseme. Kenneth, Duncan, Douglas, wote Uskoti. Brian alikuwa mfalme wa Ireland aliyeuawa vitani mwaka 1014, leo ukiita Brian katika stendi ya Kakamega, nusu ya makondakta wanageuka. Kevin alikuwa mtawa wa porini. Mnamwita Kevo.

SENJE: Hayo yalikuja na kanisa na shule. Hayakuchaguliwa, yalitolewa.

MWALIMU: Sawa kabisa. Sisi wa Friends hatukutiwa maji, lakini majina tuliyabeba vilevile, maana bila jina la kisomi hukuonekana umesoma. Na tukishika moja tunalishika kwa meno. Gavana wetu wa kwanza, Oparanya, jina lake la mbele ni Wycliffe. Huyo alikuwa padri Mwingereza aliyefariki mwaka 1384, na Wycliffe ni jina la ukoo wake, si lake la mbele. Wa pili, Barasa, ni Fernandes. Fernandes ni ukoo wa Wareno! Tumechukua majina ya babu za watu tukawapa watoto wetu kama majina ya mbele, na mbingu haikuanguka.

SENJE: Kwa sababu nyuma yake kuna Oparanya. Nyuma yake kuna Barasa. Paa laweza kuwa la mabati ya kununua, mwalimu, nguzo ni za hapa.

MAMA MTOTO: Wifi, wewe unakaa Kefinco.

Hapo nilimwona Senje akitafuta jibu asilipate mara moja. Kefinco ni mtaa wa mjini Kakamega, na jina lake limetokana na mradi wa maji wa Kenya na Finland wa miaka ya 1980. Wafini walichimba visima, wakaondoka, mtaa ukabaki na jina lao. Watu huzaliwa humo, huoana humo, na hakuna anayeona kwamba anaishi ndani ya kifupisho. Vivyo hivyo Rosterman, mtaa uliobeba jina la kampuni ya dhahabu. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, wazungu wakamiminika na sururu, mgodi wa Rosterman ukafungwa mwaka 1952, na leo Rosterman ni mahali pa kupanga nyumba. (Cornwall nayo ni nchi ya migodi, bati na shaba, na watu wake walitawanyika dunia nzima kuchimba. Kama kuna mmoja aliyefika kwetu na kuacha kitu zaidi ya mashimo, wazee niliowauliza hawamkumbuki.)

SENJE: Mtaa haulii usiku, wifi. Huyu analia.

Kweli alikuwa ameanza. Mtoto yule alikuwa na saa yake, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili, kilio cha kukunja magoti na kubadilika rangi. Na hapa ndipo mjadala ulipoacha kuwa wa maneno. Kila mtu aliyezaliwa upande huu wa mto Nzoia anajua maana ya kilio hicho kwa wazee. Mtoto anamlilia mwenye jina. Unamchukua, unamweka kifuani, mwanamke mzee anataja majina ya waliolala, mmoja baada ya mwingine, na likitajwa lake, mtoto ananyamaza na kunyonya.

MAMA MTOTO: Ni tumbo. Kila mtoto wa wiki sita, saba, analia jioni, Shinyalu na Truro. Miezi mitatu ikifika inakwisha yenyewe. Nimewaambia akina mama mia moja maneno haya haya.

SENJE: Na hao mia moja watoto wao walikuwa na majina?

Muuguzi alifungua mdomo, akaufunga. Ni swali ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha kulijibu.

KUKHU: Mleteni kwangu.

Akaletwa. Kukhu akamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa kwenye kiwiko, akamsugua mgongo kwa kiganja kilichozoea jembe. Kilio kikapungua, hakikuisha. Akawa anamwimbia kitu kisicho na maneno ila moja: Lowana, Lowana. Senje aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mama yangu.

Nadhani hapa ndipo nilipoelewa kwamba watu hawa wawili, dada yangu na wifi yake, hawakuwa wakibishania jina moja. Walikuwa wakibishania kazi ya jina. Kwa dada yangu, jina ni la kumtenga mtoto na wengine, kama alama ya wino kwenye kikombe chako ofisini. Ndiyo maana uchache wa jina kwake ni sifa. Kwa Senje jina ni la kumfunga mtoto na mtu. Likiwa la mmoja tu duniani, halijafunga chochote, na kwake hilo ni ukiwa. Unaweza kuwapa watu hawa orodha ya majina elfu, ya Kikelti, ya Kiluhya, ya Kiarabu yaliyopanda na misafara ya Waswahili mpaka Mumias kwa Nabongo, wasikubaliane hata moja, kwa sababu mmoja anapima upana na mwingine uzito.

Mimi niko upande gani? Nitasema baadaye. Kwanza dada yangu alikuwa na hoja moja ambayo bado inanikaa.

MAMA MTOTO: Mnajua kwa nini nililipenda? Bibi mwenye nyumba niliyopanga aliniambia lugha yao ilikufa. Kabisa. Mwanamke mmoja muuza samaki, Dolly Pentreath, alifariki mwaka 1777, na watu husema yeye ndiye wa mwisho kuizungumza tangu utotoni. Baadaye watu wakaifufua kwa vitabu. Sasa wachache wanaisoma darasani, jioni, baada ya kazi. Lakini majina yako kila mahali. Lowenna, Kerensa, Morwenna, Elowen. Mtu hajui kuomba maji kwa lugha ya babu zake, lakini bintiye anaitwa kwa neno la lugha hiyo. Anaposimama mlangoni kumwita aje kula, anaizungumza. Neno moja. Nilipokuwa pale, mbali, nilikuwa nikilia nikifikiria hilo.

MWALIMU: Na wewe unawalilia wao?

MAMA MTOTO: Nilikuwa najililia mimi. Mwalimu, watoto wa Milimani mjini wanajua Luisukha? Wa Nairobi? Mimi mwenyewe, mama Mbukusu, nimeolewa Isukha, wodini nazungumza Kiswahili, Kiingereza na kuashiria kwa mikono.

SENJE: Sasa si umejijibu, dada? Kama neno moja ndilo litakalobaki mdomoni mwa huyu mtoto, kwa nini liwe la muuza samaki wa Cornwall? Wao wamefufua lao. Nani atakuja kufufua letu? Watu wa Truro watawaita binti zao Muhonja?

Mvua ilisikika yenyewe kwa muda. Ni mara chache katika mjadala hoja ya mtu humrudia mwenyewe ikiwa nzima hivyo, na dada yangu, sifa zimwendee, hakujaribu kuikwepa. Alikunja nepi moja mara mbili zaidi ya ilivyohitaji kukunjwa.

BABA MTOTO (akijaribu kupunguza joto): Afadhali Lowenna. Yule rafiki yako aliyejifungua naye alitaka nini? Demelza.

MWALIMU: Demelza! Hicho ni kijiji! Winston Graham alikiona kwenye kibao cha barabarani, akakiazima kwa msichana katika riwaya zake za Poldark. Kitabu chenye jina hilo kilitoka mwaka 1946, televisheni ikachukua, na sasa ni jina la mtoto. Ni sawa na Mwingereza apite Khayega na matatu, asome kibao, amwite bintiye Khayega.

KUKHU: Khayega ni jina zuri.

MWALIMU: Mama, Khayega ni soko.

KUKHU: Na mji wenu mmeuitaje? Si wanasema wazungu walikuwa wakila ugali kwa kuumegamega, watu wakawacheka, pakaitwa Kakamega? Jina lolote ni la kuokota. Muhimu ni nani kaliokota.

Walizunguka hapo kwa muda, na sitaandika yote. Mobutu alitajwa, alivyopiga marufuku majina ya kizungu Zaire mwaka 1972. Senje akasema si wazo baya, mumewe (aliyekuwa amelala kitini) akaamka kusema yeye ni Ferdinand na hatoki. Ngũgĩ akatajwa, alivyolivua jina la James. Senje akasema alilivua kwa sababu ndani alikuwa amevaa Ngũgĩ, hakubaki uchi. Mwalimu akamwandikia hilo kwenye bahasha ili alikumbuke.

Kisha Mzee aliinuka. Hakuna aliyemwuliza. Aliingia chumbani, tukasikia sanduku la bati likivutwa chini ya kitanda, akarudi na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ubatizo, karatasi ya rangi ya chai, wino wa buluu uliofifia kuelekea zambarau. Kanisa la Anglikana, Butere, ambako misheni ilianza mwaka 1912 na ambako marehemu alizaliwa kabla ya kuolewa huku. Mwaka wa ubatizo, 1953. Alikiweka juu ya meza, mbali na chai.

MZEE: Someni waliandikaje jina.

Baba mtoto akasoma. Jenifer. N moja.

MZEE: N moja. Maisha yake yote. Kitambulisho walimwekea mbili, wakasema padri alikosea. Alipokwenda kuchukua pesa zake za ushirika, wakamwambia Jenifer na Jennifer ni watu wawili. Nilimlipia kiapo. Kila mara akiambiwa padri alikosea, alikuwa anasema, basi mimi nimebatizwa kosa, niacheni na kosa langu.

Mwalimu alikuwa ameinama juu ya karatasi ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma neno moja. Aliposimama, alikuwa na uso wa mtu aliyekuta noti kwenye suruali ya mwaka jana.

MWALIMU: Padri hakukosea. Au kama alikosea, alikosea vizuri. Mama mtoto, hili jina unajua limetoka wapi?

MAMA MTOTO: Jenifa? Uingereza.

MWALIMU: Cornwall.

Hakuna aliyesema kitu.

MWALIMU: Ni Guinevere. Mke wa Mfalme Arthur. Wales walimwita Gwenhwyfar, Cornwall wakamwita Jenifer, na mara nyingi kwa n moja. Huko London lilikuwa jina geni kabisa. Nimefundisha mchezo wa Bernard Shaw, *The Doctor's Dilemma*, uliochezwa mara ya kwanza mwaka 1906. Mwanamke anayeshika mchezo ni Jennifer, mtu wa Cornwall, na watu wanalishangaa jina lake, inabidi aeleze. Baada ya hapo ndipo Waingereza wakalizoea, wakalichukua Wamarekani. Kuanzia mwaka 1970 mpaka 1984, miaka kumi na mitano mfululizo, ndilo lililoongoza kwa watoto wa kike Marekani. Sisi tulilipata katikati ya safari, Butere, mwaka 1953, likiwa bado na n moja.

SENJE: Na maana yake?

MWALIMU: *Gwen* ni nyeupe. Sehemu ya pili wengi huitafsiri mzuka. Mzuka mweupe.

KUKHU: Mzimu wa kizungu! Mwambieni Mzee pole. Kumbe miaka yote hiyo.

Mzee alicheka. Niliambiwa na shemeji baadaye kwamba tangu mazishi hakuwa amecheka kwa sauti.

Ningependa kuandika kwamba jina lilipotajwa mtoto alinyamaza. Hakunyamaza. Alilia mpaka saa mbili kasoro, kama kawaida yake, akalala mvua ilipokatika, na ukipenda kusema ni tumbo unaweza, na ukipenda kusema alikuwa akisubiri watu wazima wamalize, hata hilo.

Dada yangu alikichukua kile cheti akakiangalia karibu na taa. Alikuwa amekwenda mpaka mwisho wa Uingereza kutafuta jina la Kikornwall lisilojulikana kwao, na muda wote lilikuwa sandukuni chini ya kitanda cha baba mkwe wake, likiitwa la kawaida mno. Sikumwambia hivyo. Yeye ni mkubwa wangu, na nilimwona amekwisha kujiambia.

Sasa upande wangu, kwa kuwa niliahidi. Niko na Senje, lakini si kwa sababu yake yote. Sioni ubaya wa jina kutoka mbali. Majina yote yametoka mbali, hata yale tunayodhani yaliota hapa. Ubaya ninaouona ni kulitaka jina kwa sababu tu hakuna mwingine mwenye nalo. Mtoto wa wiki saba hahitaji kutofautishwa na mtu. Tayari ni yeye peke yake kupita kiasi, haijui hata mikono yake. Mpe mtu wa kuanzia naye. Akikua akitaka kuwa wa pekee, ataona mwenyewe jinsi. Na kwa dada yangu nasema hivi: kama Lowenna lingekuwa na mtu wake, yule bibi wa Truro angekuwa ndiye mwenye jina, na angekuwa amekutendea kama mama, ningelipigania mimi mwenyewe, khotsa asiye na kura. Lakini ulilipenda kwenye kadi ya Krismasi.

Sheria ya Kenya haina haraka kama wazee. Kuzaliwa huandikishwa ndani ya miezi sita, na mtoto akiandikishwa bila jina, au jina likibadilika, wazazi wana miaka miwili tangu kuandikishwa kulipeleka kwa msajili pamoja na ada. Dada yangu angeweza kungoja. Hakungoja. Usiku ule, baada ya wageni kuondoka wakiruka madimbwi, alimwambia mumewe aandike jina la mama yake, lote, kama lilivyo kwenye karatasi ya Butere.

Senje ameridhika nusu. Anasema Jenifer ni wa kanisa, yeye atamwita Muhonja. Kukhu amerudi Lugari, na akipiga simu huuliza Lowana anaendeleaje, wala hakuna anayemsahihisha.

Jumatatu ya wiki iliyofuata shemeji alifunga duka, akapeleka fomu mjini. Karani akamwuliza kama ile n moja si makosa ya kuandika. Akamwambia si makosa.